Kumbukumbu ya ndoa mkiwa safarini Dar: pangeni siku kwa saa za chakula

Wanandoa wengi wanaotoka bara, siku yao ya ndoa ikiwakuta Dar es Salaam, hutafuta hoteli yenye bufee. Wanakula wali, kuku na saladi ambazo wangezipata Dodoma au Mwanza, wanapiga picha, wanalala. Chakula cha Pwani kinawapita hivi hivi, na sababu si bei. Chakula hiki kina saa zake. Vitumbua vya moto huisha asubuhi, samaki wazuri wa soko la Feri huondoka na wanaowahi, mihogo na urojo (mchuzi mzito wenye uchachu) hunoga jua likipungua makali, na biriani ya kueleweka ni ya oda au ya Ijumaa na Jumapili. Anayeamka saa 4 ndipo aanze kuulizia, atakuta masufuria yanaoshwa.

Kwa hiyo msianze kwa kuchagua mahali. Anzeni kwa kuchagua mlo mmoja, mjue saa yake, halafu mambo mengine ya siku myapange kuuzunguka.

Mlo mkuu ni mmoja tu

Tamaa ya kula kila kitu ndiyo inayoharibu siku. Mkinywa supu na chapati saa 3, mkala biriani saa 8 na urojo saa 11, samaki wa usiku ataletwa mezani nyote mmeshiba na mmoja ana kiungulia. Chagueni moja kati ya hizi tatu.

Ya kwanza ni samaki wa kupaka usiku, yaani samaki wa kuchoma anayepakwa tui la nazi. Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa siku ya ndoa: ni chakula cha kukaa nacho, mnamchambua samaki mmoja kwa mikono kutoka sahani moja, na hakiharakishwi. Ya pili ni biriani ya mchana, inayowafaa wenye safari jioni au wasiopenda kutoka usiku. Ya tatu ni mchana wa kisiwani, Bongoyo au Mbudya, ambako samaki huchomwa ufukweni na kuliwa na chipsi. Boti za Bongoyo huondokea Slipway, Msasani. Za Mbudya huondokea upande wa Kunduchi. Visiwa hivyo viko ndani ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo kuna kiingilio juu ya nauli ya boti. Agizeni samaki mara tu mnaposhuka, kwa sababu watu wakiwa wengi mnaweza kusubiri muda mrefu sana, na ulizeni boti ya mwisho ya kurudi kabla hamjaagiza.

Angalieni kalenda, si tarehe pekee

Siku ya ndoa haihamishiki, lakini mlo unaweza kuhamishwa. Ikiangukia Ijumaa, biriani na pilau zitakuwa nyingi mjini, ila kuanzia saa 6 na nusu hadi saa 8 mchana migahawa mingi ya Waislamu hupungukiwa wahudumu kwa ajili ya swala. Ikiangukia ndani ya Ramadhani, mchana sehemu nyingi za chakula cha Pwani hufungwa. Hamishieni sherehe kwenye futari, na hamtajuta, maana mwezi huo ndio mjini kunapatikana kaimati (vidonge vya unga vya kukaanga vyenye sukari), tambi, magimbi ya nazi na mihogo ya nazi kwa wingi kuliko wakati wowote.

Mwezi wa angani nao una neno lake. Dagaa na vibua huvuliwa usiku kwa taa, na kukiwa na mbalamwezi taa hazivuti samaki, hivyo wavuvi wengi wa aina hiyo hupumzika. Siku za karibu na mwezi mpevu msiwategemee vibua. Tafuteni changu, kolekole au tasi. Miezi ya kusi, upepo wa kutoka kusini, hasa Juni hadi Agosti, upepo ukichafuka vyombo vidogo haviendi mbali, samaki wanapungua na bei inapanda. Masika, Machi hadi Mei, msipange mlo wa nje bila kuwa na paa la kukimbilia.

Laleni karibu na chakula chenu

Foleni ya Dar ndiyo inayopoza chakula. Kuanzia saa 10 jioni hadi saa 2 usiku barabara za kutoka katikati ya mji huziba, na mwendo wa dakika 20 huweza kuchukua saa nzima na zaidi. Mkitaka Feri na vyakula vya mjini, laleni Upanga, Posta au Kariakoo. Mkitaka ufukwe na jioni ya Coco Beach, laleni Msasani, Oysterbay au Mikocheni. Kigamboni kuna fukwe nzuri na utulivu, lakini kila mkitaka kuja mjini mtategemea pantoni au kuzunguka kwa Daraja la Nyerere.

Kama mnataka kupika wenyewe, chukueni nyumba yenye jiko na ulizeni mambo matatu kabla ya kulipa: mkaa unaruhusiwa uani? Mbuzi ya kukunia nazi ipo? Jokofu linagandisha? Nyumba nyingi za wageni zina sahani za mapambo na hazina hata mwiko.

Kuweka oda kwa mama lishe

Msiokuwa na jiko, mpateni mama lishe au mgahawa mdogo unaopika vyakula vya nazi, mwende siku moja kabla, ana kwa ana. Simu inafaa kukumbushia, lakini haimwonyeshi mpishi kwamba mna nia. Nendeni baada ya saa 9 mchana, wateja wa chakula cha mchana wakiwa wamepungua, kwa maana saa 7 hakuna atakayewasikiliza. Maneno yawe ya wazi:

"Shikamoo mama. Kesho ni siku yetu ya ndoa, tuko wawili, ni wageni hapa. Tunaomba utupikie samaki wa kupaka mmoja wa kilo na wali wa nazi wa watu wawili. Tutafika saa 1 usiku. Samaki tulete sisi au ununue wewe?"

Swali la mwisho ni la lazima. Wapishi wengine hawapendi kupika samaki wasiyemchagua wenyewe, na wana haki: akichina, yaani akianza kuharibika, lawama ni za jiko. Acheni nusu ya malipo kama utangulizi na mkubaliane bei ya vyote, pamoja na vinywaji. Mkitaka kiti cha pembeni na meza yenye kitambaa, semeni hapo hapo. Mtapewa kwa furaha, kwa sababu sherehe ya ndoa haimchoshi mama wa Kiswahili.

Biriani nayo iagizwe mapema, angalau siku nzima kabla, kwa sababu nyama inatakiwa ilale kwenye mtindi, tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi ili ilainike. Ukiambiwa "njoo baada ya nusu saa" na haikuwa tayari jikoni, utakacholetewa ni wali wa rangi na mchuzi.

Asubuhi iwe nyepesi

Kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi tafuteni vitumbua na mbaazi za nazi. Vitumbua vitatu kwa kila mtu na bakuli moja la mbaazi mchangie vinatosha, pamoja na chai ya rangi yenye tangawizi au mchaichai. Kitumbua kizuri kina ukingo mkavu unaovunjika na ndani kuna unyevu na matundu. Kikichuruza mafuta ukikibonyeza, chuma hakikuwa na moto wa kutosha unga ulipomiminwa. Msivinunue vya kula baadaye, kwa sababu unga wa mchele ukipoa hukaza na nazi huchacha upesi kwa joto la Dar.

Supu na chapati ni kifungua kinywa kizuri cha mji huu, lakini siku hii viacheni. Vinakaa tumboni hadi alasiri.

Feri: kumnunua samaki wa watu wawili

Soko la samaki la Feri liko Kivukoni, jirani na pantoni ya Kigamboni, na mwendokasi wa Kivukoni unawashusha karibu. Fikeni kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, kabla au baada ya chai, mkiwa na viatu vya mpira visivyoteleza, noti ndogo ndogo na chombo chenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo bebeni kikapu au ndoo yenu.

Mnadani samaki huuzwa kwa mafungu na ndoo. Hapo si mahali penu, hata kama dalali anawaita kwa jina zuri. Nendeni kwenye meza za rejareja. Watu wawili wanahitaji samaki mmoja mzima wa kilo 1 hadi kilo 1.2. Akishaondolewa magamba na matumbo hubaki kama robo tatu yake, na humo bado mna kichwa na miiba.

Changu ana nyama laini, tamu, na anakaa vizuri kwenye wavu. Kolekole ana nyama nyingi na miiba michache, anafaa kwa asiyezoea kuchambua. Nguru ni mtamu wa kukaanga vipande, ila kwa kupaka hukauka. Jodari, nguru na vibua wana tahadhari ya peke yao: wakikaa juani bila barafu, nyama hutengeneza sumu inayoleta kuwashwa, uso kuwa mwekundu na kichwa kuuma, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Wanunueni wakiwa ndani ya barafu tu, au waacheni.

Mkaguzi mzuri hutazama macho kwanza: yawe yamejaa na yanang'aa, si yaliyozama na kufifia. Funueni mashavu, matamvua yawe mekundu ya damu, kwa kuwa damu ikikaa hugeuka kahawia. Bonyezeni mgongo kwa kidole, shimo lirudi. Harufu iwe ya bahari. Samaki anayemwagiwa maji kila mara ili ang'ae akaguliwe mara mbili. Kamba wenye vichwa vilivyoanza kuwa vyeusi wamekaa, na kaa anunuliwe akiwa hai na mzito mkononi.

Mkishakubaliana bei, kuna vijana wa kupaa samaki pale pale. Mwambieni hivi: "Kaka, tupaie magamba, toa matumbo na matamvua, kichwa acha, usimkate vipande." Usiposema, atakatwa vipande vya kukaanga kabla hujageuka. Nunueni barafu, uzito sawa na wa samaki, iwekeni ndani ya kifungashio kisichovuja. Barafu ikiyeyuka moja kwa moja juu ya nyama, maji baridi huilegeza na ladha ya bahari hutoka.

Kama hamna pa kumpika, wakaangaji wako hapo hapo sokoni na makarai yao. Samaki wa kukaanga wa asubuhi ni mtamu, lakini huo utakuwa mlo wa asubuhi. Msimbebe hadi usiku.

Samaki wa kupaka kwa watu wawili

Mahitaji: samaki mmoja wa kilo 1 hadi 1.2, nazi 2 zilizokomaa, ndimu 2, kitunguu saumu punje 6, tangawizi kipande cha kidole gumba, pilipili mbuzi 1, manjano nusu kijiko cha chai, chumvi kijiko 1 na nusu cha chai, ukwaju wa ukubwa wa ndimu uliolowekwa kwenye vijiko 4 vya maji ya moto, mchele kikombe 1 na nusu, mkaa wa kujaza jiko moja.

1. Mchaneni samaki mara tatu kila upande, kisu kifike kwenye mwiba. Twangeni tangawizi, kitunguu saumu na nusu ya pilipili na chumvi kijiko 1, changanyeni na maji ya ndimu moja, mpakeni hadi ndani ya michano na tumboni. Akae dakika 30, asizidi saa 1. Ndimu ikikaa sana huipika nyama kabla ya moto, na kwenye wavu itamong'onyoka.

2. Kuneni nazi. Mimineni kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu, kamueni: hilo ni tui zito, liwekeni pembeni. Rudieni machicha kwa vikombe 3 vya maji mpate tui jepesi la wali.

3. Washeni mkaa na subirini hadi ufunikwe na jivu jeupe. Mkono ukiweza kukaa juu ya wavu kwa hesabu ya tano, moto uko sawa. Wavu upate moto kwanza, kisha usugueni kwa nusu ya kitunguu maji kilichochovywa kwenye mafuta. Mfuteni samaki maji ya juu. Samaki mwenye unyevu juu ya wavu baridi lazima ang'ang'anie, na ngozi itabaki kule.

4. Chomeni dakika 10 hadi 12 kila upande bila kumgeuza geuza. Mnataka aive robo tatu.

5. Wakati huo bandikeni tui zito kwenye moto mdogo pamoja na manjano, pilipili iliyobaki na chumvi iliyobaki. Koroga kuelekea upande mmoja bila kuacha na bila kufunika, kwa dakika kama 15, hadi lishike kwenye mwiko. Ukwaju uliochujwa utiwe dakika 3 za mwisho. Ukiutia mapema, uchachu hulikata tui.

6. Pakeni tui upande wa juu, acheni likauke, geuzeni, pakeni upande wa pili. Rudieni mara tatu au nne, moto ukiwa umepunguzwa. Likipakwa samaki angali mbichi, tui huungua na kuwa chungu kabla nyama haijaiva. Bakisheni nusu ya tui kwa kumwagia mezani.

7. Chomekeni uma karibu na kichwa, penye nyama nene. Ikiachia mwiba na isiwe na rangi ya kioo, ameiva.

Wali uanze samaki anapowekwa jikoni: tui jepesi vikombe 3 kasorobo na chumvi kidogo, likichemka tieni mchele uliooshwa, ukikaukia punguzeni moto na mfunike dakika 15.

Tui likikatika, mafuta yakajitenga na maji, ni kwa sababu lilichemka kwa nguvu. Epueni, tieni vijiko viwili vitatu vya tui zito ambalo halijapikwa, korogeni nje ya moto. Kwa hiyo bakisheni tui hilo kidogo tangu mwanzo. Moto ukiruka kwa matone ya mafuta, inueni wavu. Msimwagie maji, jivu litamrukia samaki.

Jioni, kabla ya mlo

Jua huzama Dar kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 1 kasoro dakika 10, kutegemea mwezi wa mwaka. Wageni wengi hukimbilia Coco kulitazama likizama baharini, na hawalioni, kwa kuwa ufukwe ule unatazama mashariki na jua huzama nyuma ya nyumba. Anayetaka machweo juu ya maji aende upande wa Slipway, unaotazama Ghuba ya Msasani. Coco ina uzuri wake mwingine: siku ya mwezi mpevu, mwezi huchomoza baharini karibu na saa ile ile ya machweo. Kama siku yenu inaangukia hapo, msiende kwingine. Angalieni maji pia, kwa sababu siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yakijaa hula sehemu kubwa ya mchanga.

Pale Coco chukueni sahani moja ya mihogo ya kukaanga, yenye kachumbari, ndimu na pilipili, na dafu kila mtu. Sahani moja tu. Mkiwa upande wa mjini, bakuli moja la urojo mchangie, mwombe pilipili iwekwe pembeni. Simu ziwe mfukoni giza likiingia.

Mkate wa kumimina badala ya keki

Keki ya dukani ipo kila mji. Siku ya ndoa Pwani ikatiwe mkate wa kumimina: mchele, tui la nazi, sukari, hamira, ute wa yai na hiliki, ukapikwa kwa moto wa chini na wa juu. Uagizeni siku moja kabla, kwa kuwa mchele hulowekwa usiku kucha ndipo usagwe. Mkate mdogo wa sufuria unatosha watu wawili na majirani wa meza. Ukikatwa uwe na vinyweleo vya kwenda juu na unukie hiliki. Ukinuka hamira na kuwa na uchachu, uliachwa kuumuka kupita kiasi. Uleni siku hiyo hiyo.

Tumbo, pesa na vya kubeba

Kama mmoja wenu huvimba au huwashwa akila kamba au kaa, mpishi aambiwe wakati wa oda, maana mwiko mmoja hukoroga masufuria mawili. Kuleni kilichotoka motoni, kachumbari ikatwe mbele yenu, na maji yawe ya chupa iliyofungwa. Pakiti mbili za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini zikae kwenye begi.

Wengi hupokea kwa lipa namba, lakini Feri na kwa wauza vitumbua pesa taslimu ndiyo inayokwenda haraka. Hakikisheni jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri.

Kwa kubeba nyumbani, ubuyu, achari ya embe iliyofungwa vizuri na kashata za karanga husafiri bila shida. Kashata za nazi ziliwe ndani ya siku mbili tatu. Samaki wabichi kwa basi la mwendo wa saa 10 waacheni. Mkitaka lazima, wagandishwe usiku kucha hadi wawe jiwe, wafungwe kwa magazeti tabaka kadhaa ndani ya chombo chenye mfuniko, na mkifika wapikwe siku hiyo hiyo bila kugandishwa tena.